Santuri mpya za okestra: zipi za kuagiza ukiwa Mtwara au Lindi

Ukitaka kujua kama toleo jipya la santuri ya okestra linastahili bei yake, usihukumu kwa mwanzo wake. Mwanzo wa upande, karibu kila santuri inasikika vizuri. Peleka sindano kwenye dakika tano za mwisho, karibu na lebo, pale tarumbeta, matoazi na ngoma za timpani zinapoingia pamoja. Santuri ikipita hapo bila fidla kukwaruza, na kila chombo kikabaki mahali pake, mengine yanavumilika. Tumetumia kigezo hicho kwa mifululizo mitatu inayosifiwa zaidi leo, huku tukizingatia mambo ya pwani ya kusini: joto, unyevu, chumvi ya bahari na umeme unaoyumba.

Kigezo hiki kina hesabu nyuma yake. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje kabisa, ulio kama sentimita 14.6 kutoka katikati, hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Ukifika sentimita 6 kutoka katikati, kasi imeshuka hadi sentimita 21. Sauti ya hezi 10,000, ambayo ndiyo inayoipa fidla ung'avu na toazi makali yake, hapo huwa na wimbi la mikroni 21 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ncha ya sindano ya mviringo wa kawaida ina nusu kipenyo cha mikroni 15 hivi, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye mikunjo hiyo. Inaiparaza juu juu, na wewe unasikia mchanga. Na watunzi wa okestra wamezoea kuweka kishindo mwishoni mwa kazi, yaani mahali pale pale ambapo mfereji umechoka. Mwimbaji wa taarabu akimaliza taratibu hana shida hii. Stravinsky anayo.

Mfululizo wa kwanza, na ndio tunaoupendekeza kuliko yote, ni Original Source wa Deutsche Grammophon, ulioanza 2023. Kazi inafanywa Emil Berliner Studios, Berlin, na Rainer Maillard pamoja na Sidney C. Meyer. Miaka ya 1970 Deutsche Grammophon ilirekodi okestra nyingi kwa kanda za njia nne, ikitarajia kwamba watu wangesikiliza kwa spika nne. Soko hilo halikusimama. Santuri za stirio zilizouzwa wakati ule zilichongwa kutoka kanda ya njia mbili iliyonakiliwa kutoka ile ya njia nne, na kila nakala ya kanda huongeza kelele na kupunguza uwazi. Safari hii wachongaji wamerudi kwenye kanda ya njia nne yenyewe. Wanachanganya njia hizo kuwa stirio wakati uleule kichwa cha kuchonga kinapokata mfereji, kwa analogi mwanzo hadi mwisho. Hakuna kanda ya katikati wala kompyuta katikati. Mkono ukikosea, upande mzima unaanzwa upya.

Toleo la kwanza lilikuwa na albamu nne. Ya kuanza nayo ni Simfoni namba 7 ya Beethoven, Carlos Kleiber akiongoza Vienna Philharmonic, iliyotoka mara ya kwanza 1976. Nakala za zamani zina fidla nyembamba zinazochoma sikio sauti ikipanda, na besi zilizokonda. Kwenye toleo jipya chelo na besi zina mwili, timpani zinasikika kama ngozi iliyowambwa, na sehemu ya mwisho, ambayo Kleiber anaikimbiza bila huruma, inafika kwenye lebo ikiwa nzima. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu asilia, anayejua fidla ya kweli inavyosikika bila kipaza sauti, atazitambua fidla hizi mara moja.

Ya pili ni The Rite of Spring ya Stravinsky, Claudio Abbado na London Symphony Orchestra, rekodi ya 1975. Hii ndiyo yenye ngoma kubwa kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa sindano. Kazi ina sehemu mbili, kila moja inajaza upande wake, na ngoma ya mwisho ya sadaka, yenye mapigo yasiyolingana na vyombo vya shaba vinavyofoka, iko ndani kabisa ya upande wa pili. Ukiwa na sindano ya mviringo, usiinunue bado. Si kosa la santuri. Ni kwamba hutasikia ulicholipia, na sindano iliyochoka itaichimba.

Simfoni namba 5 ya Mahler, Karajan na Berlin Philharmonic, ilirekodiwa 1973 katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Berlin. Inakuja kwa santuri mbili, jambo linalompa mchongaji nafasi. Matatizo yake kwetu ni ya chumbani. Sehemu ya nne, Adagietto, ni ya nyuzi na kinubi peke yake, taratibu mno. Feni ya dari ikiwa inazunguka, nusu yake hutaisikia. Kuna jambo jingine kuhusu feni: kile kitufe cha ukutani cha kupunguza kasi mara nyingi hukata wimbi la umeme kwa namna inayoingiza mkwaruzo kwenye nyaya za katriji, kile kisanduku kidogo kinachobeba sindano. Ukisikia mlio unaobadilika kila unapozungusha kitufe cha feni, usiilaumu pleya. Poza chumba kwanza, zima feni, kisha sikiliza. Usiku wa Juni au Julai, upepo wa kusi unapovuma, kazi hii inawezekana hata bila kiyoyozi.

Ya nne ilikuwa Trout Quintet ya Schubert, Emil Gilels na Amadeus. Nzuri, lakini ni piano na nyuzi nne, si okestra, kwa hiyo tunaipita.

Katika matoleo yaliyofuata tunaitaja The Planets ya Holst, William Steinberg na Boston Symphony Orchestra, rekodi ya 1970. Inamfaa mwenye vifaa vya kawaida, kwa sababu kazi yenyewe humalizika kwa sauti ya chini: kwaya ya wanawake inafifia hadi kutosikika. Mfereji wa mwisho haubebeshwi mzigo. Kinachohitajika hapo ni plastiki safi, maana kila chembe ya vumbi italia.

Mfululizo wa pili ni Living Stereo wa RCA kama unavyotolewa na Analogue Productions wa Salina, Kansas. Rekodi ni za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na zilizo bora ni za Fritz Reiner na Chicago Symphony Orchestra ndani ya Orchestra Hall. Kwa nyingi ya hizo fundi wa sauti alikuwa Lewis Layton, mtayarishaji Richard Mohr. Kuchonga upya kumefanywa na Ryan K. Smith wa Sterling Sound, na santuri zinafyatuliwa Quality Record Pressings kwa uzito wa gramu 200. Kiwanda hicho, kwa usafi wa uso wa santuri, ni cha kutegemewa sana. Ukimya kati ya noti ni wa kina.

Scheherazade ya Rimsky-Korsakov, iliyorekodiwa Februari 1960, ndiyo ya kununua. Fidla ya peke yake inasimama mbele, okestra inaenea nyuma yake kwa upana na kina. Kasoro ni moja: kila upande unazidi dakika 20, na dhoruba ya baharini ya sehemu ya mwisho inaangukia ndani. Kwa sindano nzuri inapita. Kwa sindano dhaifu matoazi yanageuka mlio wa bati. Also sprach Zarathustra ya Strauss, rekodi ya Machi 1954, inashangaza kwa umri wake, lakini mwanzo wake maarufu umejengwa juu ya noti ya kinanda cha bomba iliyo chini ya hezi 35. Spika ndogo ya inchi 5 haitoi sauti hiyo. Usiinunue kwa ajili ya ule mwanzo kama huna spika za kuubeba.

Hapa sabufa zinaingia, maana nyumba nyingi za Shangani na Ligula za Mtwara, au Lindi mjini, zina mfumo wa sabufa, si amplifaya ya kizamani yenye tundu la fono. Katriji hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na santuri huchongwa huku besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa kwa mkunjo wa RIAA, kanuni ya kawaida ya viwanda vya santuri. Ukichomeka pleya moja kwa moja kwenye tundu la AUX utapata sauti ndogo, kali, isiyo na besi. Unahitaji kikuza sauti cha fono chenye nguvu ya desibeli 40, yaani mara 100, ambacho pia hurudisha mkunjo huo sawa. Pleya nyingi za sasa zinacho ndani. Angalia nyuma kama kuna swichi ya PHONO na LINE. Na usiiweke pleya juu ya meza moja na sabufa. Mtikisiko hurudi kwenye sindano, unakuzwa, unarudi tena, na mwisho ni mvumo usiokatika. Rafu iliyofungwa ukutani ndiyo dawa.

Mfululizo wa tatu tunausema kwa ufupi. Mercury Living Presence ni kazi ya C. Robert Fine na Wilma Cozart Fine: stirio kwa vipaza sauti vitatu tu, bila kusaidia chombo chochote kwa kipaza chake. Matoleo ya Speakers Corner ya Ujerumani yamechongwa kwa analogi na kufyatuliwa kwa gramu 180. The Firebird ya Antal Dorati na London Symphony Orchestra, 1959, ni ya lazima kwa anayependa okestra iliyo karibu, yenye makali. Masikio mengine huiona kavu. Sisi tunaipenda ilivyo.

Uzito wa gramu 180 au 200 hauongezi sauti. Unaifanya santuri iwe ngumu kidogo kupinda na unaongeza gharama ya posta. Kina cha mfereji ni kilekile. Pia, neno «analogi» kwenye tangazo linahitaji ushahidi: mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani ilikuwa ikipitisha kanda kwenye hatua ya dijitali bila kuwaeleza wanunuzi. Santuri zake hazikuwa na sauti mbaya, na toleo lililotoka kwenye faili nzuri la dijitali linaweza kupendeza. Ila usiuziwe kwa bei ya kanda. Tafuta maelezo yanayotaja nani alichonga, wapi, na kutoka kanda ipi. Yasipokuwepo, usilipe zaidi ya bei ya santuri ya kawaida.

Sasa sindano, kwa sababu ndiyo inayoamua kama fedha zote hizi zina maana. Chaguo letu ni Audio-Technica AT-VM95ML. Ncha yake ya mikrolaini ina upande mwembamba wa mikroni 3 hivi, dhidi ya 8 za ncha ya umbo la yai ya AT-VM95E, na mtengenezaji anaipa saa 1,000 dhidi ya 300. Uzuri mwingine ni kwamba sindano za familia hii hubadilishana kwenye mwili mmoja wa katriji: mwenye E anunue sindano ya ML peke yake, aichomoe ya zamani kwa kuivuta chini na mbele, achomeke mpya. Uzito wa sindano uwe gramu 2.0, upimwe kwa mizani ndogo ya kidijitali, usitegemee namba zilizochorwa kwenye kizani cha mkono. Ukipunguza hadi 1.5 ukidhani unaokoa santuri, sindano itaruka ndani ya mfereji kwenye kila kishindo na kuchubua kuta zake. Uzito mdogo mno huharibu kuliko uliozidi kidogo. Panga katriji kwa kadi yenye alama mbili, milimita 66 na 121 kutoka katikati. Alama ya 66 ndiyo inayookoa mwisho wa upande, kwa hiyo ikilazimu kuchagua, nyoosha hapo kwanza. Mwisho, weka anti-skeiti, yaani kizuizi cha mkono usivutwe kuelekea katikati, kwa namba inayolingana na uzito, kisha sikiliza kishindo: kikikwaruza upande wa kulia tu, ongeza kidogo.

Anayenunua pleya ya mtumba aangalie umeme wake. Hapa ni volti 230 na hezi 50. Pleya ya Kijapani ya volti 100 itaungua bila transfoma. Pleya ya Kimarekani yenye mkanda na mota ya zamani inayofuata hezi 60 haifai hata kwa transfoma: itazunguka 27.8 badala ya 33⅓, na okestra nzima itashuka karibu nusu-toni tatu. Stabilaiza inalinda kifaa, haibadilishi hezi.

Chumvi ya bahari hula pini. Nyuma ya katriji kuna nyaya nne nyembamba: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Upande mmoja wa sauti ukipotea na kurudi, sababu ya kwanza ya kutafuta kwa nyumba zilizo karibu na maji, kama Mikindani, ni kutu ya kijani kwenye pini hizo. Zima amplifaya, chomoa waya mmoja mmoja kwa koleo dogo, futa pini kwa pamba yenye isopropili, rudisha. Mvumo usiokatika, kwa upande wake, mara nyingi ni waya wa ethi wa pleya uliosahauliwa. Ufunge kwenye skrubu ya GND ya kikuza sauti.

Unyevu wetu una faida moja: umeme tuli, unaowasumbua sana wasikilizaji wa nchi kavu zenye baridi, hapa ni mdogo, kwa hiyo usipoteze fedha kwenye bastola za kuuondoa. Adui ni kuvu. Huanzia kwenye mfuko wa karatasi wa ndani, hupanda kwenye mfereji, na huleta mchakacho laini usioisha, tofauti na mlipuko mmoja mmoja wa vumbi. Hamisha kila santuri kwenye mfuko wa polithini siku inapofika, na hifadhi mfuko wa asili nyuma ya kava. Toa nailoni iliyobana kava, kwani hujikunja kwa joto na kuvuta kava pamoja na santuri. Usitumie mifuko minene ya PVC inayong'aa. Kwa joto la Desemba huacha ukungu wa kemikali juu ya santuri usiofutika. Simamisha santuri wima, zisiinamiane, na rafu iwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hasa nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake hunywa maji masika.

Kuosha: maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled) lita 1, isopropili mililita 100, matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Brashi laini ifuate mzunguko wa mfereji, kisha suuza kwa maji hayohayo safi bila sabuni, na ikauke yenyewe kivulini. Maji ya kisima yana madini yanayobaki mferejini kama chokaa. Ukinunua maji ya betri, soma lebo mara mbili: kopo la asidi hukaa kwenye rafu moja na la maji. Na kama nyumbani kuna santuri za kizamani za mizunguko 78, mchanganyiko huu usizifikie kamwe. Zile si plastiki hii, na isopropili huziyeyusha uso.

Kuhusu kuagiza. Juu ya bei ya santuri yenyewe kuna posta, halafu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Agiza tatu au nne pamoja, gharama ya posta igawanyike. Panga zifike kati ya Juni na Agosti. Novemba hadi Januari ndiyo miezi mibaya. Mzigo ukipokelewa Dar es Salaam, usiusafirishe kwenye buti la basi. Safari ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Kibiti na Lindi, mzigo ukiwa juu ya bati lililo karibu na injini, inatosha kupinda santuri ambayo ilivuka bahari salama. Apande nayo abiria ndani, iwe imesimama, mbali na dirisha la jua.

Ikifika, iache masaa kadhaa chumbani kabla ya kufungua, kisha ikague siku hiyohiyo kwa sababu muda wa kurudisha wa wauzaji wengi huanza kuhesabiwa kwenye kupokea. Iweke kwenye pleya, itazame kwa usawa wa macho ikizunguka. Ukingo ukipanda na kushuka milimita moja, mkono utavumilia. Ukizidi mbili, na spika zikawa zinapumua ndani nje bila sauti, hiyo ni ya kurudisha. Tazama mkono karibu na lebo: ukiyumba kushoto kulia kila sekunde 1.8, tundu haliko katikati. Nusu milimita tu ya kosa hilo huyumbisha noti kwa asilimia 0.3 mwanzoni mwa upande na zaidi ya 0.8 mwishoni, na oboi yenye noti ndefu ndiyo itakayolitaja. Mchano mfupi wa «chrr» unaojirudia upande mmoja wa sauti, hata baada ya kuosha, ni plastiki ambayo haikujaa mferejini kiwandani. Haitengenezeki. Piga picha santuri ikiwa na rula pembeni, rekodi sauti kwa simu, soma namba zilizochorwa kwenye uwazi kati ya mfereji wa mwisho na lebo, na uvitume vyote vitatu kwa pamoja. Muuzaji akiwa na namba hizo anaweza kukagua nakala nyingine za fungu lilelile kabla ya kukutumia ya pili yenye ugonjwa uleule.